Mipaka ya Maji na Mipaka ya Ushirika: Vyama vya Ziwa Naivasha tangu 1929

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya vyama ambavyo watu wa Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, waliviunda ili kulinda maji yao na kuendeleza uchumi wao. Jambo tutakalolifuata ni moja, nalo ni hili: kila chama huwa na mpaka, ambao huamua nani ni mwanachama na nani ni mtu wa nje, na maji nayo yana mpaka wake, ambao haukuwekwa na mtu. Huko Naivasha mipaka hii miwili haikulingana kwa muda wa miaka karibu 80. Tutajaribu kuonyesha kwamba ushirika wa mahali hapo ulipanuka kila ulipopatwa na hasara, na kwamba kila ulipopanuka uliacha nje watu fulani ambao nao walistahili kuwa ndani.

Huenda msomaji akajiuliza vyama vya wakulima na wavuvi vinahusu nini jarida la lugha. Jibu letu ni kwamba chama ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la fedha. Watu hawatoi kiingilio ila wamekwisha kukubaliana juu ya maana ya neno "sisi", na historia ya Naivasha yaweza kusomwa kama historia ya maana ya neno hilo.

Ziwa na maji yake

Yafaa kwanza tupate picha ya mahali penyewe. Ziwa Naivasha liko kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, upande wa kaskazini-magharibi, katika sehemu ya Bonde la Ufa iliyoinuka karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Halina mto utokao, lakini maji yake ni matamu, tofauti na maji ya chumvi na magadi ya maziwa jirani ya Elementeita na Nakuru, kwa sababu sehemu ya maji hayo hupenya chini ya ardhi na kwenda zake. Mito iingiayo ni Malewa, Gilgil na Karati. Malewa ndio mkubwa kupita yote. Huanzia katika milima ya Nyandarua, hupokea maji ya Turasha kutoka upande wa Kinangop, kisha huyashusha ziwani. Kwa hiyo asemaye "Ziwa Naivasha" akiwaza ufuko peke yake, amesema nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko juu milimani, katika mashamba ya viazi, kabichi na majani ya ng'ombe ambayo mtu aliyesimama ufukweni hayaoni.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ziwa hili halitulii. Kina chake hupanda na kushuka kwa mita kadhaa katika maisha ya mtu mmoja, na ufuko husogea pamoja nacho. Hata jina lake lasimulia habari hiyo. Wamaasai waliliita kwa neno la Kimaa ambalo kwa kawaida huandikwa *enaiposha*, na ambalo hufasiriwa kuwa maji yachafukayo, yaendayo na kurudi. Wageni walilitamka walivyoweza, sauti ya *p* ikageuka *v*, na ramani zikalichukua hivyo. Wenyeji wa kwanza kulitaja ziwa hili walitaja mwendo wake. Wale waliofuata walitaka kulipimia mpaka.

Mitandao ya kale na kuvunjwa kwake

Si kweli kwamba ushirikiano wa kiuchumi ulianza Naivasha na vyama vilivyoandikishwa. Wachunguzi wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba yale mawe meusi yang'aayo kama kioo, yatokayo katika volkeno za Eburru na sehemu za jirani na ziwa, yalisafirishwa mbali sana kwa maelfu ya miaka, yakatumiwa kuundia visu na vichwa vya mishale na watu ambao pengine hawakupata kuliona ziwa lenyewe. Katika nyakati za karibu zaidi, Wamaasai walinywesha mifugo yao ziwani, na baina yao na Wagikuyu wa upande wa pili wa milima palikuwa na biashara ya ngozi na mifugo kwa nafaka na mazao mengine. Inajulikana kwamba wanawake waliweza kuendeleza biashara hiyo hata wakati wanaume wa pande mbili walipokuwa katika vita. Huo nao ulikuwa mtandao, ingawa haukuwa na mwenyekiti wala daftari.

Mtandao huo ulivunjwa katika muda mfupi sana. Naivasha ilikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda hadi 1902, ilipohamishiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa imekwisha kupita kando ya ziwa, na serikali ilitaka walowezi wa kuipatia mizigo. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mkataba uliahidi kwamba mapatano hayo yangedumu muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo. Lakini mwaka 1911 wale wa Laikipia walihamishwa tena, na kesi yao ya 1913 ikashindwa mahakamani.

Katika mkataba ule wa 1904 mna kifungu kimoja ambacho yatupasa kukitazama. Wamaasai waliachiwa maili 5 za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe za tohara. Yaani walipokuwa wakipoteza ziwa, waliomba wabakiziwe angalau mahali pamoja juu ya mito. Kwao Kinangop na Naivasha zilikuwa nchi moja. Ilichukua karibu karne nzima kabla ya watu wengine kuufikia ufahamu huo kwa njia ya upungufu wa maji.

Ushirika wa ufukweni

Walowezi walipokwisha kugawiwa ardhi walijifunza upesi kwamba mkulima mmoja hawezi soko peke yake. Mwaka 1925 kiliundwa mjini Naivasha kiwanda cha ushirika cha maziwa, ambacho ndicho chimbuko la KCC, shirika lililokuja kutawala biashara ya maziwa nchini Kenya kwa miongo mingi. Miaka minne baadaye, yaani 1929, wenye mashamba ya kando ya ziwa waliunda chama cha wamiliki wa ardhi za ufukweni. Haja yao ilikuwa mahsusi. Maji yaliposhuka yaliacha ardhi mpya yenye rutuba, na haikujulikana ni ya nani. Mwaka 1933 walikubaliana na serikali kwamba kila mmiliki aweza kuitumia ardhi iliyoachwa na maji mbele ya shamba lake, ila asijenge juu yake jengo la kudumu, kwa kuwa maji yangeweza kurudi.

Kwa upande mmoja haya yalikuwa mapatano ya busara. Yalikubali tabia ya ziwa badala ya kushindana nayo, na yaliwafanya majirani walindane. Baadhi ya ufuko wa Naivasha ulisalimika na majengo kwa sababu ya kanuni hiyo.

Kwa upande wa pili, tutazame "sisi" ya chama hicho. Mwanachama alikuwa mmiliki wa ardhi iguswayo na maji, na katika nchi ambayo kwa desturi, na baadaye kwa sheria, ardhi hiyo ilitengewa Wazungu, kanuni ya umiliki ilikuwa pia kanuni ya rangi. Maskwota waliolima mashamba yale hawakuwa wanachama, wala Mmaasai aliyeleta ng'ombe kunywa, wala mvuvi. Na jambo lisilotajwa sana ni kwamba hata mkulima wa Kizungu wa Kinangop, aliyekaa juu ya mto, hakuwa ndani, kwani shamba lake halikugusana na ziwa. Chama kililinda bakuli, nacho hakikuwa na neno la kumwambia yule aliyeshika mtungi.

Uhuru na mgawanyiko wa bonde

Hapana shaka kwamba uhuru ulibadilisha mambo mengi. Kuanzia 1962, chini ya mpango wa makazi wa ekari milioni moja, mashamba makubwa ya Kinangop yaligawanywa na kupewa familia za Waafrika. Karibu kila eneo la makazi lilianzishiwa chama cha ushirika cha kuuza maziwa na pareto na kusimamia mikopo. Watu hawa hawakuja mikono mitupu katika suala la kushirikiana. Walikuwa na *ngwatio*, desturi ya Wagikuyu ya kulimiana mashamba kwa zamu. Na tangu 1963 walisikia kutoka kwa Jomo Kenyatta neno *harambee*, wito wa watu wavutao mzigo mmoja, likiwa sasa ni jina la ujenzi wa shule, zahanati na mabomba ya maji.

Maneno haya mawili hayana upeo sawa. Ngwatio ni baina ya watu wajuanao: leo kwako, kesho kwangu, na asiyelipa siku yake hujulikana. Harambee ni wito kwa umati, na aitwaye aweza kuchangia shule ambayo mtoto wake hatasoma. Naivasha ilihitaji kitu cha tatu, yaani mapatano baina ya watu wasiojuana lakini wanywao mto mmoja. Kwa kitu hicho hapakuwa na neno wala chama.

Badala yake mpaka mpya ulichorwa katikati. Wakati wa ukoloni sehemu za Kinangop na ufuko wa ziwa zilikuwa katika wilaya moja ya Naivasha. Wakati wa uhuru Nyandarua ilifanywa wilaya ya Mkoa wa Kati, na Naivasha ikabaki katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mto ukawa na chanzo katika mkoa mmoja na mwisho katika mkoa mwingine, na maofisa wa pande mbili wakapeleka taarifa zao kwa wakuu tofauti. Ugatuzi wa 2013 haukuondoa jambo hilo. Chanzo cha Malewa kiko katika Kaunti ya Nyandarua, na ziwa liko katika Kaunti ya Nakuru.

Wakati huohuo ufukweni kulizuka uchumi mpya. Tangu miaka ya 1970, na kwa kasi zaidi tangu miaka ya 1980, mashamba ya maua yalienea kusini na mashariki ya ziwa, yakinywesha mimea kwa maji yake na kupeleka mauzo Ulaya kwa ndege. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka Nyanza, Magharibi, Kati na kwingineko, na mji mdogo wa kituo cha reli ukawa mji mkubwa. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 350,000 katika kaunti ndogo ya Naivasha. Aidha, maji ya Turasha yalianza kupelekwa kwa bomba hadi Gilgil na Nakuru. Kila upande uliongeza kiu yake bila kukutana na mwingine.

Sifa na mashtaka

Katika miaka ya 1990 chama cha ufukweni kilionyesha uongozi wa kweli. Kiliondoa neno "wamiliki" katika jina lake, kikafungua mlango kwa wanachama wengine, na kikatunga mpango wa kulitunza ziwa. Mwaka 1995 Naivasha iliandikwa katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka 1999 chama kilipewa tuzo ya mkataba huo kwa kazi yake. Wenye mashamba ya maua nao waliunda kundi lao la kuwekeana masharti ya matumizi ya maji na madawa.

Lakini mwaka 2004, serikali ilipoutangaza mpango ule katika gazeti rasmi, utekelezaji wake ulikwama mahakamani. Walioshtaki walidai kwamba hawakushirikishwa. Wako waliouona upinzani huo kuwa ukaidi wa wachache dhidi ya jambo jema. Sisi hatuoni hivyo. Mpango waweza kuwa sahihi katika kila kipengele chake na bado ukawa si wa wale unaowahusu. Kwa wafugaji, ambao njia zao za kwenda majini zilikuwa zimezibwa na nyua za mashamba moja baada ya nyingine, neno "hifadhi" lilisikika kama ua mwingine tu. Mkataba wa 1904 nao ulikuwa umeandikwa kwa lugha njema.

Wavuvi walikuwa wamekwisha kupata somo lao. Mwaka 2001 samaki walipungua kiasi cha kuilazimu serikali kulifunga ziwa kwa muda wa mwaka mmoja. Kufunga ziwa ni rahisi kuandika. Lakini kwa mvuvi, mchuuzi na mama mkaanga samaki, ni mwaka mzima bila mapato. Baada ya hapo wavuvi walipangwa katika vikundi vya usimamizi wa fuko, wakawa na sauti ambayo hapo awali hawakuwa nayo. Tunaona tena utaratibu uleule: hasara kwanza, kiti baadaye.

Mtungi na bakuli

Mageuzi makubwa yalitokana na Sheria ya Maji ya 2002. Kwa sheria hiyo watumiaji wa maji ya mto mmoja waliweza kuunda chama chao na kutambuliwa na serikali. Uanachama haukutegemea tena umiliki wa ufuko, bali matumizi ya maji. Katika bonde lote la Naivasha viliundwa vyama 12, kimoja kikiwa cha ziwa lenyewe na vingine vya mito iliyo juu. Kwa mara ya kwanza mpaka wa ushirika ulifuata mpaka wa maji.

Jaribio mashuhuri lililotokana na utaratibu huu ni lile la kuwalipa wakulima wa juu kwa kazi ya kuyatunza maji, lililosaidiwa na mashirika ya CARE na WWF. Chama cha watumiaji wa ziwa, ambamo wakulima wa maua walikuwa na nguvu, kilifanya mapatano na vyama vya Wanjohi na Turasha ya Juu. Mkulima mdogo wa juu alitenga sehemu ya shamba lake, akapanda kingo za majani na miti, akachimba makinga-maji, akaacha kulima hadi ukingoni mwa mto. Mwisho wa kipindi alipewa hati ya kununulia pembejeo dukani. Malipo yaliyoanza mwaka 2010 yalikuwa na thamani ya kiasi cha dola 17 za Kimarekani kwa mkulima.

Dola 17 si fedha nyingi, na mtu aweza kusema kwamba hazilingani na faida ya shamba la maua. Ni kweli. Lakini majani ya kingo yalilisha ng'ombe, na udongo uliozuiwa ulibaki shambani kwa mwenyewe. Kwa hiyo hati ile haikuwa malipo yote. Zaidi ya hayo, ilikuwa na maana ambayo haipimwi kwa dola. Ilikuwa ni ungamo kwamba aliye chini ana deni kwa aliye juu. Ngwatio, iliyokuwa desturi ya majirani, ilipata kuvuka kilomita nyingi na kuwaunganisha watu ambao hawakupata kuonana.

Jina la Kiswahili

Mwaka 2009 ukame ulilishusha ziwa hadi kina ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1940, na mapema mwaka uliofuata samaki wengi walikufa. Serikali, wakulima wakubwa, vyama vya maji na wafadhili walikutana, na mwaka 2011 bodi ya pamoja ilitangazwa rasmi kwa jina la Imarisha Naivasha.

Jina hili lastahili kuangaliwa. Chama cha 1929 kilikuwa na jina la Kiingereza, na vyama vya maji vya baadaye vilijulikana kwa vifupisho vya Kiingereza. Chombo kilichotaka kuwakusanya watu wote ndicho kilichopewa jina la Kiswahili, na jina lenyewe ni kitenzi cha kuamuru. Kwa sarufi, amri hiyo ni ya nafsi ya pili umoja: "imarisha" wewe, si "imarisheni" ninyi wala "tuimarishe" sisi. Hatudai kwamba walioliteua walikusudia hivyo. Huenda walipenda ufupi wake tu. Hata hivyo, jina hilo lamwagiza mtu mmoja kazi ambayo historia yote tuliyoieleza imeonyesha kwamba mtu mmoja haiwezi.

Neno jingine lililoenea katika mikutano ya wakati huo ni "wadau". Mdau ni mtu mwenye fungu lake katika jambo, na neno lenyewe lina undugu na *dau*, yaani kile kiwekwacho na kila mshiriki mchezoni, ambacho aweza kukipoteza. Kipimo hiki ni kizuri kuliko vile vya umiliki na matumizi. Tukikitumia kwa uaminifu, tutauliza: nani ameweka dau lake Naivasha? Mwenye shamba ameweka mtaji. Mkulima wa Wanjohi ameweka ukingo wa shamba lake. Mfanyakazi wa maua je? Ameweka nguvu zake, afya yake, na makao ya watoto wake. Ana chama chake cha wafanyakazi, kinachojadiliana juu ya mshahara, lakini katika mazungumzo ya maji ametajwa zaidi kama idadi ya watu waongezao uchafu kuliko kama mdau.

Ziwa lenyewe lilikuja kulijibu suala hili. Baada ya kushuka, lilianza kupanda. Na mwaka 2020 maji yaliingia katika mtaa wa Kihoto, karibu na mji, yakawahamisha wakazi wengi. Lile onyo la 1933, kwamba maji yangeweza kurudi, lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya wenye mashamba. Waliojenga na kupanga vyumba Kihoto hawakuwa wanachama, wala babu zao hawakuwa. Ujuzi wa ziwa ulikuwa umehifadhiwa vizuri ndani ya chama, na haukuvuka mpaka wake.

Hitimisho

Tumeona kwamba ushirika wa Naivasha ulianza na watu wachache wa ufukweni, ukapanuka kwa shida hadi vyanzo vya mito, na kwamba kila hatua ililipiwa kwa hasara ya wale waliokuwa bado nje. Si nia yetu kuvibeza vyama hivi. Pasipo chama cha 1929 huenda ufuko ungalimalizwa mapema, na pasipo vyama 12 vya bonde mkulima wa juu angaliendelea kulaumiwa bila kulipwa. Tunachosema ni kwamba mtandao wa maendeleo haupimwi kwa wingi wa waliomo peke yake, bali pia kwa kutazama kama yule atakayepata hasara mpango ukiharibika amepewa kiti tangu mwanzo.

Kwa wanafunzi wa lugha ipo kazi mahali hapo. Kimaa, Kigikuyu na Kiswahili cha mitaa ya wafanyakazi vina maneno ya zamu za kunywesha, ya kukopeshana kazi, ya maji yapandayo na yashukayo. Yafaa maneno hayo yakusanywe pamoja na desturi zilizoyazaa, maana mapatano yajayo yataandikwa kwa lugha fulani, na itakuwa vigumu kwa mtu kujiona ndani ya mapatano ambayo hayana hata neno lake moja.